Kuonja wiski ya pipa moja

Mpwa wangu kaniletea chupa ya wiski ya Ireland ya pipa moja, yaani haikuchanganywa na ya mapipa mengine; nambari ya pipa iko kwenye lebo. Kisheria hukaa kwenye pipa la mbao miaka 3 au zaidi, kilevi kisipungue asilimia 40.

Naionjea barazani, Shangani, upepo ukitulia. Usithubutu siku ya kuchoma korosho: moshi wa maganda utakuharibia pua. Mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba. Nusa ukiwa umeachama kidogo. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi, usilihukumu. La pili lizungushe mdomoni, meza. Kisha dondoshea maji, matone mawili, unuse tena. Hapo yangu ilitoa harufu ya bibo lililoiva mno, halafu vanila. Barafu? Hiyo katilie kwenye soda, si humu. Mwisho pima ladha inakaa kooni kiasi gani: yangu ilidumu mpaka nikamaliza kufunga madirisha.