Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Mng'ao wa Majani Yaliyofikiwa na Dawa ya Magugu

Katika mashamba ya Arusha ambako mahindi na maharage huchanganywa, atrazini, dawa ya magugu iliyopulizwa kwa ajili ya mahindi, inaweza kuyadhuru maharage siku kadhaa kabla majani hayajageuka njano. Jani lenye afya hutoa asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga linaoufyonza kama mng'ao mwekundu ambao macho hayauoni. Atrazini inapoziba njia ya elektroni kwenye protini ya usanisinuru iitwayo D1, nishati iliyokosa kazi huongeza mng'ao huo, na florometa, kifaa cha kupima mng'ao, huweza kuyaona mabadiliko yake ndani ya saa chache.

Kabla ya yote, ijulikane ni dawa gani iliyopulizwa, kwa kiasi gani na lini, maana uteuzi wa namna ya kupima mng'ao unategemea jibu hilo. Wengi hukimbilia uwiano wa Fv/Fm, yaani mng'ao unaobadilika kugawanywa kwa mng'ao wa juu kabisa wa jani lililokaa gizani, ambao kwa jani lenye afya hukaribia 0.83, lakini atrazini inaweza kuuacha uwiano huo karibu ulivyokuwa huku usanisinuru ukiwa umeshakwama. Kwa hiyo jani lipimwe pia likiwa juani, au ifuatwe namna mng'ao unavyopanda katika milisekunde za mwanzo baada ya taa kuwashwa. Glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, haiugusi mfumo huu moja kwa moja, na dalili zake huchelewa. Anayepima mapema mno akaona namba nzuri asitangaze kwamba shamba limesalimika.

Kwa kipimo cha gizani, viandaliwe vibanio vya kutosha vya kufunika majani kwa dakika 20 hadi 30, na yachaguliwe majani ya umri mmoja yanayopata jua sawasawa.

Jambo ambalo kwa maoni yangu halina mbadala ni mimea ya kulinganishia. Kabla bomba halijaingia shambani, itengwe mistari michache ya maharage ya mbegu ileile na udongo uleule, ikingwe isifikiwe na dawa, kisha ipimwe pamoja na mingine kabla na baada ya kupuliza. Ukame, joto kali, baridi ya asubuhi kwenye miteremko ya Meru na upungufu wa naitrojeni vyote hubadilisha mng'ao, na florometa haitaji kilichousababisha. Bila mistari hiyo, mkulima anaweza kumlaumu jirani kwa dawa iliyopeperushwa na upepo, kumbe mimea yake ina kiu.

Mashaka yakibaki, sampuli za majani na udongo zichukuliwe mapema, zitiwe kwenye mifuko safi yenye lebo na kuhifadhiwa kwenye baridi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina makao yake Ngaramtoni, na ni uchunguzi wa kimaabara ndio unaoweza kuitaja dawa kwa jina.