Pima rangi ya maji kabla ya kupandikiza vifaranga

Unayeanza kufuga sato, usikimbilie vifaranga siku bwawa limejaa. Tia samadi kavu ya kuku au ng'ombe kwenye kiroba kilichotobolewa, kifunge pembeni mwa bwawa, usubiri wiki moja au mbili maji yawe ya kijani. Kijani hicho ni vimea vidogo mno vya majini, chakula cha bure cha samaki. Kisha zamisha mkono, kiganja kikikutazama. Kikipotea maji yakigusa kiwiko, hapo sawa. Kikipotea mapema, toa kiroba uongeze maji safi. La sivyo alfajiri utakuta samaki wanahema juujuu, maana usiku kijani hicho nacho kinatumia oksijeni. Na vifaranga chukua madume watupu, hata bei ikiwa imechangamka. Mchanganyiko huzaliana mpaka unavua visamaki vya kidole.