Namna ya kutumia neno “mouldy” bila kukosea

Mkate ukiota ukungu, kwa Kiingereza ni “mouldy”. Hicho ni kivumishi kilichotokana na nomino “mould”, yaani kuvu. Kenya tunafuata tahajia ya Uingereza yenye herufi u. Wamarekani huandika “moldy”. Matamshi huwakwaza wengi kwa sababu neno linafanana na “would” na “could”, ambazo l yake haisikiki. Hapa l inasikika: tamka “old”, tanguliza m, malizia na i.

Kosa la kurekebishwa kabla ya yote ni hili: “The maize is moulded.” Mwandishi amekusudia kusema mahindi yameota ukungu, ila “mould” ina maana nyingine, kalibu, na “moulded” ni kitu kilichoundwa kwa kalibu. Matofali yanayofyatuliwa Kakamega ni “moulded”. Mahindi yaliyonyeshewa kwenye turubai yakakaa siku kadhaa bila jua ni “mouldy”. Mnunuzi akisoma “moulded maize” hataelewa anauziwa nini.

Ukitaka kusema kitu kimeharibika hivyo, tumia “go”: “The beans have gone mouldy.” Kiingereza hupenda “go” chakula kinapobadilika kuwa kibaya, kama katika “go bad” na “go sour”. Ukilinganisha, y inageuka i: “mouldier”, “mouldiest”. Ukitaka nomino, andika “There is mould on the bread”, bila s. Wingi, “moulds”, hutumika unapozungumzia aina mbalimbali za kuvu, kama kwenye somo la baiolojia.

Angalia pia neno letu lenyewe. Ukungu unaofunika Molo asubuhi ni “fog” au “mist”, wala si “mould”. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vyote viwili, Kiingereza hakifanyi hivyo, na mwanafunzi anayetafsiri kwa haraka huweka “fog” juu ya mkate.

Sasa chukua vipande viwili vya mkate. Kimoja kimekauka pembeni, ukikivunja kinapukutika, lakini hakina doa: hicho ni “stale”. Kingine bado laini, ila karibu na ganda kuna doa la kijani lenye manyoya meupe kando yake. Hicho ndicho “mouldy”, hata kama doa ni dogo kama punje ya dengu. Maharagwe yaliyochacha ni “sour”. Nyanya iliyooza hadi inachuruzika maji ni “rotten”. Ikiwa na manyoya ya ukungu juu yake, maneno yote mawili yanaifaa. Magunia yenye harufu ya stoo isiyoingiza hewa ni “musty”, kwa maana neno hilo ni la pua, ilhali “mouldy” mara nyingi ni la macho. Ukungu wa nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi huitwa “mildew”.

Kwa wauzaji wa nafaka jambo hili ni zito zaidi. “Mouldy” haimaanishi kwamba mahindi yana aflatoksini, sumu inayotengenezwa na baadhi ya kuvu, na mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni maikrogramu 10 kwa kilo, na jicho haliwezi kuyapima hayo. Kwa hiyo usiandike “contaminated with aflatoxin” kabla ya majibu ya maabara, wala usiandike “safe” kwa sababu tu huoni ukungu.

Andika ulichokiona, kiasi chake na mahali kilipo. “Some maize is mouldy” haimsaidii mnunuzi wa Nakuru anayengoja lori kutoka Kisumu. Mwandikie hivi: “Two of the twenty bags are mouldy. There is greenish-yellow mould on the grains at the bottom. The other eighteen bags are dry.” Atajua atenge magunia mangapi, na aanze kukagua upande gani wa gunia.