Somo: Namna ya Kufumbua Fumbo la Maneno Lenye Mada Moja

Kila fumbo jipya likitoka katika kikundi chetu cha mafumbo, maswali huwa ni yale yale: mtu aanzie wapi, kwa nini jibu lake halikubaliki ilhali idadi ya herufi imetimia, na majibu yatatumwa lini. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa kutumia fumbo dogo la Ziwa Victoria ambalo mwenyeji wa Kisumu anaweza kulimaliza kabla chai haijapoa. Atakayeuliza jambo lililokwisha kuelezwa nitamrudisha hapa bila maneno mengi.

Chukua daftari la mraba, uchore jedwali lenye visanduku vitano kwa upana na vinane kwa urefu. Mstari wa kwanza, wa nne na wa nane iko wazi yote. Safu ya kwanza nayo iko wazi kutoka juu hadi chini. Safu ya tatu na ya tano ziko wazi katika mistari minne ya juu tu. Kwingine kote tia rangi nyeusi. Katika mstari wa kwanza, kisanduku cha kwanza ni namba 1, cha tatu ni namba 2 na cha tano ni namba 3. Namba 4 inaanza mstari wa nne, na namba 5 mstari wa nane.

Mlalo
1. Huyu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, naye huwala wenziwe. (5)
4. Mto unaoingia ziwani kupitia Budalang'i. (5)
5. Hawa huvuliwa usiku kwa taa. (5)

Wima
1. Kisiwa chenye michoro ya kale miambani. (8)
2. Huu hulizunguka boma. (4)
3. Limetanda mawingu. (4)

Jaribu kwanza peke yako, kwa sababu majibu mengi yametajwa huko chini.

Hatua ya kwanza. Soma kichwa cha fumbo, kisha soma madokezo yote kabla ya kuandika herufi yoyote.

Hatua ya pili. Jaza yale unayoyajua kwa hakika, si yale unayoyadhania. Mtu wa Busia ataanza na NZOIA, na mtu wa Mbita ataanza na MFANGANO; hakuna ubaya, mradi uwe na jibu moja lisilotikisika.

Hatua ya tatu. Kabla ya kuichosha kumbukumbu yako, usome upatanisho wa kisarufi ulio ndani ya dokezo. Hii ndiyo hatua inayoharibiwa zaidi, nami nitakaa nayo. Fumbo la Kiswahili lina zawadi ambayo lugha nyingi hazina: dokezo likisema "hiki", jibu huenda likaanza kwa KI au CH, likisema "huu", tazamia M, U au W, kwa kuwa mti, ukuta na wimbo vyote huitwa "huu", likisema "haya", tazamia MA au ME, kama ilivyo katika meno. Namba 2 wima, basi, imekwisha kukupa nusu ya jibu kabla hujafikiria boma lenyewe. Lakini zawadi hiyo ina mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni viumbe hai. Kiboko ni "huyu", wala si "hiki", kwa hiyo "huyu" katika namba 1 mlalo hakukuambii lolote kuhusu herufi ya kwanza. Kunakuambia tu kwamba unamtafuta kiumbe mwenye uhai. Mtego wa pili ni wingi usiobadilika. Namba 5 inasema "hawa", na kila mara kuna mtu anayeandika W na A kwa wino katika visanduku viwili vya mwanzo, akisahau kwamba omena, yaani dagaa wa ziwa hili, mmoja ni omena na omena elfu ni omena. Mtego wa tatu ndio mkubwa. Dokezo linapotaja aina ya kitu, upatanisho ni wa jina la aina hiyo, si wa jibu. "Kisiwa chenye michoro" kina "chenye" kwa ajili ya neno kisiwa, na "mto unaoingia" una "unaoingia" kwa ajili ya neno mto. Kisiwa chenyewe hakilazimiki kuanza kwa KI, wala mto hauna haja ya kuanza kwa M. Kwa hiyo jiulize daima: neno hili la upatanisho linalifuata jina lililotajwa, au linalifuata jina lililofichwa? Ni lile lililofichwa tu linalokusaidia.

Hatua ya nne. Tazama mwisho wa neno. Neno la Kiswahili humalizika kwa irabu, kwa hiyo konsonanti ikitua katika kisanduku cha mwisho, kuna kosa mahali fulani. Majina ya miji hayaifuati kanuni hii: Mumias, Oyugis na Eldoret yatakuaibisha ukiisahau. Vilevile C haisimami peke yake. Ukiipata, H inafuata.

Hatua ya tano. Hakikisha kila jibu kwa makutano yake. MBUTA (samaki aitwaye pia sangara), MFANGANO na NZOIA yakishaingia, safu ya tatu inaanza kwa U na kumalizika kwa O, na safu ya tano inaanza na kumalizika kwa A.

Hatua ya sita ndiyo inayonifanya niyatunge mafumbo haya. Ukishamaliza, usiitupe karatasi. Chagua madokezo mawili au matatu, uulize kwa nini yaliandikwa hivyo. Kwa nini omena wavuliwe kwa taa? Kwa sababu katika giza mwanga huwavuta wakusanyike mahali pamoja, na ndiyo maana mavuno hupungua mwezi unapong'aa. Anayenunua omena sokoni Kisumu anaweza kuyafuatilia hayo kwa kalenda. Kwa nini dokezo la mbuta liseme "huwala wenziwe"? Kwa sababu alipoletwa, aliwashambulia fulu, wale samaki wadogo waliokuwa na spishi nyingi ajabu, na nyingi kati yao hazionekani tena. Michoro ya Mfangano inahusishwa na Watwa, wawindaji walioishi huko zamani. Na Nzoia, unaokusanya maji kutoka Cherangani na Mlima Elgon, ndio unaofurika Budalang'i hata siku ambazo huko Budalang'i kwenyewe hakujanyesha. Mtu aliyejaza herufi tano pekee amejifunza tahajia. Aliyeuliza maswali haya amelisoma ziwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kondele: Mwalimu, tutumie majibu ya fumbo la juzi.

Jibu: Majibu hayatumwi. Soma hatua ya tano.

Mwanachama wa Siaya: Fumbo lako lina kosa. Namba 2 wima nimeandika WIGO. Wigo hulizunguka boma, ni "huu", una herufi nne, na O ya mwisho inakutana sawasawa na NZOIA. Sasa kosa langu liko wapi?

Jibu: Ndugu yangu, fumbo halina kosa. Wigo na uzio hulingana kwa maana, kwa ngeli, kwa idadi ya herufi na hata kwa herufi ya mwisho. Niliyachagua kwa makusudi. Ndiyo maana nimesema kila jibu lihakikishwe kwa makutano yake yote, si kwa moja tu. Herufi ya tatu ya namba 1 mlalo itakuamulia. Uliandika nini hapo?

Mwanachama wa Siaya: Nilikuwa sijaijaza.

Jibu: Basi tumemaliza.

Mwanachama wa Nakuru: Shikamoo Mwalimu. Mimi namba 1 mlalo niliandika NGEGE, kisha nikaona kwamba MFANGANO inataka M, nikafuta. Lakini nimebaki na swali. Nimesoma kwamba si mbuta peke yake aliyeletwa miaka ile; hata aina ya ngege tunayoila sana leo ililetwa. Je, dokezo halikustahili kuwa kali zaidi?

Jibu: Marahaba, dada, na ahsante kwa swali zuri. Ni kweli kabisa. Ngege wa asili wa ziwa hili ni mwingine, na yule wa Mto Nile, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sato, aliingizwa pia katika miaka ya 1950. Sokoni sisi huwaita wote ngege, kwa hiyo mwaka peke yake usingewatenganisha na mbuta. Ndiyo maana niliongeza "huwala wenziwe": sato hutegemea zaidi mimea na vijidudu, ilhali mbuta ni mlaji wa samaki. Ukiondoa nusu hiyo ya pili, dokezo linakuwa na majibu mawili ya haki, na mtunzi hana budi kulaumiwa. Nawe umefanya lile ninaloliomba katika hatua ya sita bila kusukumwa.

Mwanachama wa Bungoma: NG' inachukua visanduku vingapi?

Jibu: Viwili, N na G. Kibainishi hakipewi kisanduku. SH, CH, DH, TH na kadhalika nazo huchukua viwili viwili.

Mwanachama wa Kakamega: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ningependa kuwatungia wanafunzi wangu fumbo kuhusu Msitu wa Kakamega, lakini kila nikijaribu, maneno hayakutani. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, anza na neno refu kuliko yote uliweke wima ukingoni, kama nilivyoliweka MFANGANO, kisha uyaning'inize mengine juu yake. Maneno mengi ya Kiswahili hupishanisha konsonanti na irabu, kwa hiyo ukijaribu kuyapanga maneno mawili yakigusana ubavu kwa ubavu, irabu zitarundikana na hutapata kitu. Acha safu moja nyeusi kati yao. Tazama kwamba maneno yangu ya wima yako katika safu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Andika maneno ishirini ya mada yako ukijua kwamba utayatumia manane. Na katika madokezo, usiwaulize tu majina ya miti na ndege. Msitu huo ni mabaki ya upande wa mashariki ya msitu mkubwa wa mvua ulioenea kutoka Kongo. Dokezo moja linalogusa jambo hilo litazaa mazungumzo ya kipindi kizima.

Mwanachama wa Ahero: Ninaongeza la penseli. Msitumie kalamu ya wino kwenye karatasi ya gazeti. Penseli laini, tena isisukumwe kwa nguvu, na kifutio cheupe. Kile chekundu hutoboa karatasi.

Mwanachama wa Kisumu: Mimi hulinakili jedwali kwenye daftari, mzee wangu nyumbani naye analifumbua gazetini. Hatugombani tena.

Jibu: Ushauri mzuri wote wawili. Daftari pia hukubakizia nafasi ya kuandika maelezo ya hatua ya sita pembeni.

Mwanachama wa Kondele: Lakini kutumia kamusi si udanganyifu?

Jibu: Hili sasa ni swali. Pitia madokezo yote mara moja bila kamusi, kisha uifungue bila aibu. Udanganyifu ni kulitazama jibu. Kulitafuta neno ni kazi.

Mwanachama wa Nakuru: Mwalimu, nimejaribu kuanza fumbo la Bonde la Ufa. MENENGAI wima, na HEROE mlalo wakikutana kwenye E ya pili ya MENENGAI. Dokezo langu la heroe ni hili: "Ndege wa rangi ya waridi." Linafaa?

Jibu: Makutano yako ni sahihi, na herufi nane za MENENGAI ni uti wa mgongo mzuri. Dokezo linafaa kwa mtoto, lakini linamwacha msomaji pale pale alipokuwa. Rangi ile haizaliwi naye. Anaipata katika chakula chake, vile viumbe vidogo kama mwani vinavyostawi katika maji ya magadi. Ndiyo maana maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda na magadi kupungua makali, heroe wengi walihamia kwingine, Bogoria kwa mfano. Jaribu hivi: "Huyu hupata rangi yake mezani. (5)" Kisha nitumie madokezo mengine uliyonayo, na ukiweka NAIVASHA, uangalie kwamba V isiangukie kwenye neno la wima, kwa kuwa utakesha ukilitafuta.