Nyota ya ncha nane kwa vipande vya kanga

Umbo lenyewe unalijua: ndiyo alama ya robo hizbu kwenye msahafu (hizbu ni moja ya sehemu sitini za Kurani), miraba miwili iliyopandana, mmoja umegeuzwa digrii 45. Kwenye picha ya ukutani ya nyota tisa, kushona si tatizo. Tatizo ni ncha kukutana.

Anza na kigezo cha kadi ngumu. Kwa bikari chora duara la nusukipenyo sm 14, ligawe sehemu nane sawa, kisha unganisha alama kwa kuruka moja moja: 1, 3, 5, 7, halafu 2, 4, 6, 8. Kila upande wa mraba uwe sm 19.8. Ukipata 19.5 huku na 20 kule, bikari imeteleza. Chora upya, maana kosa hilo litajirudia mara tisa.

Kanga mpya huchuja, hasa nyekundu na nyeusi. Fua kila moja peke yake mpaka maji yatoke safi, kisha itie uwanga: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwa nusu lita ya maji, upike huku unakoroga. Piga pasi ingali na unyevu. Wengi huiruka hatua hii, na ndipo kazi inapoharibika. Ukilaza kigezo sawa na nyuzi, ncha za juu, chini, kulia na kushoto hukatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika. Balaa ni kwamba ndizo hizo zinazogusana na nyota jirani.

Korosho na maua ya mjini mwa kanga, yaani sehemu yake ya kati, yanafaa sana. Tausi na ndege wengine waache kama picha ni ya chumba cha kusalia. Jina la kanga, yaani maandishi yake, likimtaja Mwenyezi Mungu, usilipitishie mkasi.

Kata ukiacha mm 7 za kukunja. Kwenye kona nane za ndani chanja mpaka ibaki mm 1 kufika mstari: ukizidisha, nyuzi zinafumuka, ukipunguza, kona inajikunyata. Ncha ikunjwe kwanza, ziada ipunguzwe, ndipo zifuate pande mbili, vinginevyo panafanya kinundu ambacho pasi haikilazi. Kunjia juu ya kigezo chenyewe. Katikati waweza kushonea nyota ndogo ya nusukipenyo sm 7, rangi nyingine.

Msingi ni marekani (kitambaa cha pamba kisicho na nakshi) iliyofuliwa, sm 100 kwa 100. Chora miraba tisa ya sm 28. Ncha nne za kila nyota ziguse katikati ya pande za mraba wake. Kati ya kila nyota nne litajitokeza umbo kama alama ya kujumlisha lenye miisho iliyochongoka. Hilo halikatwi, ni marekani tu. Bana kwa pini kuanzia nyota ya kati kwenda nje, piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), kisha shona kwa mkono. Gundi ya maji usiiguse, masika huilainisha. Sm 8 zilizobaki pembeni ni za pindo.

Ukimaliza, toa uwanga wote kwa maji baridi na anika kivulini, la sivyo mende watakula.

Kibla cha Unguja na Pemba ni karibu kaskazini moja kwa moja. Ukuta huo uache mtupu, nakshi isimshughulishe anayesali. Tundika ubavuni au nyuma.