Vitamini ughaibuni: nunua D, nyingine nyingi ziko jikoni kwako

Winta yangu ya pili hapa Aberdeen, Scotland, miguu ilianza kuniuma, maumivu yenyewe hata hayaelezeki, mapaja mazito tu, napanda ngazi nashikilia reli kama bibi kizee, asubuhi kiuno kimekaza, na mimi nikasema basi ni hizi shifti za kulea wazee, unamnyanyua mtu mwenye kilo zake 90 mara sita kwa siku utegemee nini. Mama kwenye simu akasema sili. Nakula mama, tena ugali na samaki. Ikaenda hivyo miezi mpaka daktari mmoja akaamua nipimwe damu, majibu yakarudi vitamini D 17 (kipimo cha huku, nmol/L), na huku wakikuta iko chini ya 25 wanahesabu ni upungufu kabisa.

Nikamwambia mimi mtu wa Tanga, jua nimelikoga tangu nazaliwa. Akasema ndio maana.

Ile "ndio maana" ilinichukua muda kuielewa. Vitamini nyingine tunazila, ila hii D sehemu kubwa inatengenezwa na ngozi yenyewe ikipigwa na miale ya jua inayoitwa UVB, na rangi yetu nyeusi kazi yake ni kuizuia ile miale isituunguze. Kule kwetu haina shida maana jua liko utosini mwaka mzima, ukisimama kituoni kusubiri daladala ushapata chako. Huku winta jua linapita pembeni kabisa, chini chini, UVB inaishia angani kabla haijakufikia. Ukitaka kujua, toka nje saa saba mchana uangalie kivuli chako, kikiwa kirefu kukuzidi wewe mwenyewe basi hilo jua ni la kupigia picha tu. Uingereza UVB haitoshi kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, na hapa Aberdeen mwezi wa 12 jua linachomoza karibu na saa tatu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, sasa mtu wa shifti ndefu unalionea wapi? Kukaa dirishani nako hakusaidii hata Julai, kioo kinazuia ile miale.

Na wenzetu wa Muscat na Dubai msitucheke, kwenu jua lipo tele ila nani anakaa nalo, mnatoka nyumba yenye AC mnaingia gari lenye AC, na anayevaa baibui au kanzu ngozi yake jua hailioni. Upungufu wa D umejaa huko pia.

Kazi yake hasa ni kuusaidia utumbo kunyonya kalsiamu. Ikikosekana hata ukinywa maziwa lita ngapi mifupa haipati chake, mtu mzima mifupa inalainika inauma na misuli inaishiwa nguvu (ndio yale mapaja yangu), na mtoto anapata matege. Matege ya kweli, hapa hapa Ulaya kwenye maziwa tele.

Sasa kununua. Serikali ya Uingereza inashauri maikrogramu 10 kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi pamoja na wanaojifunika tunashauriwa tufikirie kumeza mwaka mzima, wengine wao ni vuli na winta tu. Marekani wanataja 15 kwa mtu mzima hadi miaka 70. Kwenye kopo mara nyingi utakuta imeandikwa IU, usibabaike, maikrogramu 1 ni IU 40, kwa hiyo 10 ni IU 400, na 25 ni IU 1,000. Kikomo cha mtu mzima bila daktari ni IU 4,000 kwa siku. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp kuna watu wanagawiana vidonge vya IU 50,000 walivyoandikiwa na daktari kwa dozi ya muda, vile haviazimwi kama panadol. D ikizidi inabaki mwilini, huikojoi kama C, kalsiamu inapanda kwenye damu na figo ndio zinaumia.

Meza pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, mimi nameza na wali wa nazi jioni. Na ndugu Waislamu someni lebo vizuri, vile vidonge laini vinavyong'aa ganda lake ni jelatini na inaweza kuwa ya nguruwe. Tafuta kilichoandikwa halali, au vidonge vikavu, au matone. D3 yenyewe kwa kawaida inatoka kwenye mafuta ya sufi ya kondoo, hiyo haina neno. Na usidanganywe na bei, cha supamaketi cha bei ya chini na kile cha kopo la dhahabu ukikuta vyote ni IU 1,000 ni kitu kile kile.

Watoto: anayenyonya apewe matone ya D tangu anazaliwa, maikrogramu 8.5 hadi 10, maana maziwa ya mama yana D kidogo mno. Anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, imeshawekwa humo. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 Uingereza inashauri A, C na D kila siku, na mwenye kipato kidogo aulize mpango wa msaada wa Healthy Start (Scotland haupo, huku aulize kliniki), usione haya. Halafu mkijifungua mtaulizwa kama mtoto achomwe sindano ya vitamini K. Wengi tunashtuka tunakataa. Kubalini, mtoto mchanga anazaliwa na K kidogo sana na bila hiyo damu inaweza kuvuja ndani hata kwenye ubongo.

Hizo nyingine kusema kweli pika tu. A iko kwenye karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, na mawese, watu wa Kigoma, Burundi na Kongo mnajua, yale mekundu yasiyochujwa rangi, ila ukiyachemsha mpaka yawe meupe umeua kile ulichokinunulia. Ukikosa matembele chukua spinachi ya friza, ukikosa sukuma wiki tafuta keli, ni ndugu yake. C haipendi moto mrefu, mboga usiitokose saa nzima halafu umwage maji, ndio kosa letu la siku zote. Makopo ya dagaa wa huku, sadini, yana D kidogo na mifupa yake ni kalsiamu, mimi nayaunga na nyanya na pilipili, na nchi za watu huwezi kuanika dagaa barazani.

Kuna watu lakini wasiishie jikoni. Anayetumia metformin ya kisukari miaka mingi aombe kupimwa B12, dawa ile inaishusha, na ganzi ya miguu anaweza kudhani ni sukari kumbe ni B12. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa naye ameze B12, kwenye mboga haimo. Anayepanga mimba aanze foliki asidi maikrogramu 400 kabla hata hajashika, aendelee hadi wiki ya 12, asisubiri kliniki. Mjamzito aache maini na mafuta ya ini la samaki, A ya humo ni nyingi inaweza kumdhuru mtoto, najua nyumbani wajawazito wanasukumiwa maini kwa ajili ya damu. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani, ila ale kiasi kile kile kila wiki, maana zina K, na akikaa wiki tatu bila halafu siku ya harusi akafakamia kisamvu dozi yake inavurugika. Wadada wa biotini ya nywele nanyi mwambieni daktari kabla ya kutolewa damu, inapotosha baadhi ya vipimo, vya tezi na hata vya moyo.

Mimi niliandikiwa dozi kubwa wiki kadhaa, nikahamia ya kila siku, kwenye mwezi wa tatu hivi nikajikuta napanda ngazi bila kushika reli.

Juzi dada yangu wa Korogwe kaniomba nimtumie zile vitamini za pipi za dubu, mwanae ana miaka 3. Nikamuuliza kadi ya kliniki inasemaje, kumbe mtoto kapewa matone ya vitamini A mwezi uliopita na miezi sita ikipita atapewa tena, jua analo, mapera yako uani. Na pipi zenyewe mtoto akizikuta anamaliza kopo. Nikamtumia hela ya mayai, amenuna mpaka leo.