Kufunga paneli za kupasha maji kwa jua juu ya paa la nyumba

Anza na hesabu ya uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 200 likijaa lina kilo 200 za maji peke yake; ongeza tangi lenyewe, fremu na paneli mbili, mzigo unapita kilo 300. Paneli bapa ya mita 2 za mraba ina takriban kilo 40 ikiwa tupu, na paa zima huibeba bila taabu. Matata yako kwenye tangi. Ingia darini na tochi ukague kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa: mbao iliyoliwa na mchwa, iliyooza au iliyopasuka kwenye maungio ibadilishwe kwanza. Miguu ya fremu ya tangi ikae juu ya kenchi, karibu na ukuta unaobeba, isikae katikati ya papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati. Paa likitia shaka, tangi libaki chini na maji yazungushwe kwa pampu ndogo.

Kusini mwa ikweta paneli zielekee kaskazini. Kaskazini mwa ikweta, kusini. Mwinamo ukaribiane na latitudo ya mahali, ila usiwe chini ya digrii 10 hata kwenye ikweta kwenyewe: paneli iliyolala hubakiza hewa ndani ya mabomba na vumbi juu ya kioo.

Siku ya kupanda iwe kavu na isiyo na upepo, maana paneli hushika upepo kama tanga. Kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Ncha ivuke ukingo wa paa kwa mita 1 na ifungwe. Mkanda wa usalama wa mwili mzima ufungwe kwenye kenchi, kamwe si kwenye bomba wala fremu ya paneli. Ukitembea juu ya bati, kanyaga mstari wa misumari, ndipo papi ilipo chini yake. Paneli isibebwe begani ngazini. Ilazwe juu ya mbao mbili zilizoegemezwa ukingoni, ivutwe kwa kamba na watu wawili walio juu, na asiwepo mtu chini yake.

Kioo kibaki kimefunikwa kwa turubai mpaka maji yajae. Paneli tupu juani hupita nyuzi 150 za Selsiasi; ukiingiza maji baridi hapo utapata mvuke wa kuunguza, na kama paneli yako ni ya mirija ya kioo badala ya bapa, mirija hupasuka.

Sasa matundu, chanzo cha uvujaji mwingi. Kwenye bati, toboa mgongo, kamwe si bonde linalopitisha maji, na skrubu ifike kwenye mbao; ikishika bati tupu itang'oka na upepo. Weka washa ya mpira, kaza hadi mpira utanuke kidogo tu, kwani ukikaza kupita kiasi unapasuka. Silikoni ya kuziba iwe ile isiyonuka siki, maana yenye siki hula zinki. Fagia chembe zote za chuma, la sivyo zitapata kutu juu ya bati. Kwenye vigae, kulabu inayoshika fremu ya paneli ifungwe kwenye kombamoyo (mbao ya mwinamo inayobeba paa), na kigae cha juu kisagwe kidogo upande wa chini ili kisiikalie kulabu. Kigae kinachoikalia hupasuka mtu akikanyaga.

Bomba la shaba lisidondoshe maji juu ya bati. Zinki huliwa haraka.

Mfumo usio na pampu unataka kitako cha tangi kiwe juu ya ukingo wa juu wa paneli, sentimita 30 zikitosha. Kikiwa chini, usiku maji hurudi nyuma na kupoa. Bomba la moto lipande bila kushuka popote, na kona ya paneli inakotoka iinuliwe kidogo. PVC haifai kwa maji moto. Karibu na paneli tumia shaba. Valvu ya usalama, ile inayoachia shinikizo la tangi likizidi, isizibwe hata ikidondosha, koki isiwekwe kati yake na tangi, na bomba lake litoke mahali pasipopita watu.

Jaza taratibu huku koki ya maji moto ndani ya nyumba ikiwa wazi hadi iache kutema hewa. Kagua maungio, kisha ondoa turubai. Mvua ya kwanza ikinyesha, rudi darini na tochi. Kwa kuwa siku ya jua kali maji hupita nyuzi 60, weka valvu ya kuchanganya na maji baridi kabla ya bafu, hasa penye watoto.